Visahani vya Chama cha Shabaha

Mwanaume mzima anayeshinda Jumamosi nzima mezani akijaza baruti kwenye maganda ya karatasi, halafu Jumapili anakwenda kuipasua hewani na kurudi nyumbani bila hata kanga mmoja mkononi, Léocadie hakujua amwite nani. Bahati mbaya mwanaume huyo alikuwa mume wake.

Jina lake lilikuwa Théophile, karani wa ofisi ya teritwari, yaani wilaya ya wakoloni, pale Kabambare, mwenye kadi ya serikali inayoshuhudia kwamba amestaarabika. Kadi hiyo aliipata baada ya wazungu wawili kuja kukagua nyumba yao. Walifunua sufuria, wakachungulia chini ya kitanda, wakamuuliza Léocadie kama mtoto wao Ernestine anakula kwa uma. Léocadie alijibu ndiyo bila kupepesa macho. Uma wenyewe waliuazima kwa masista asubuhi ile, na jioni aliurudisha. Tangu siku hiyo Théophile alikuwa akitembea katikati ya njia kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima na anaogopa kuvichafua.

Kwa nguvu ya kadi hiyo akaomba bunduki. Hapo Léocadie alifurahi, tusimsingizie. Alijua bunduki maana yake ni nyama. Ilipokuja, ilikuwa bunduki nzuri ya kukunja, yenye mtutu mmoja, na kibali chake kilikuwa na mistari kumi na miwili. Kila mstari ulisema jambo lile lile: bunduki hii ni ya kupigia shabaha katika uwanja wa chama, haitoki nje ya posti, yaani makao ya serikali.

Na hicho chama sasa! Kilikuwa cha wazungu watano: administrata mkuu wa teritwari, bwana wa pamba, Mgiriki mwenye duka, daktari, na mmoja wa kule kwenye dhahabu upande wa Salamabila. Kila Jumapili baada ya misa walikutana nyuma ya ghala la pamba. Mmoja anafyatua mashine yenye springi, mashine inarusha kisahani cha udongo, mwingine anakipiga bunduki. Kisahani kikivunjika wanapiga makofi na kunywa bia. Kisipovunjika wanalaumu jua. Visahani walifinyangiwa na Régina, mama mmoja wa mtaa wa chini, ambaye kila akipeleka kikapu alirudi akitikisa kichwa. "Miaka makumi tatu niko nafinyanga," alimwambia Léocadie, "na sijapata kuona mutu anaagiza vyombo kusudi avivunje. Hata mwenye wazimu anavunja vile vya bure."

Sasa mchezo huo una tumbo la kula pesa. Kartushi mpya, yaani maganda yaliyokwisha kujazwa, zilitoka Ulaya kwa meli, kwa treni na kwa lori, na zilipofika Kabambare kila moja ilikuwa ghali kama kuku. Wazungu nao wanapenda mambo makubwa ila mifuko yao wanaijua. Bwana wa pamba, ambaye watu walimwita Bwana Pamba tu, akaagiza kimashini cha chuma kinachofungwa ukingoni mwa meza kwa skrubu, chenye mkono wa kuzungusha. Ganda lililokwisha kupigwa halitupwi tena: linatolewa fataki iliyokufa, kile kiwashio cha kwenye kitako, linatiwa fataki mpya, linapimiwa baruti kwenye mizani ndogo kama ya sonara, linashindiliwa kizibo, linamiminiwa marisau, yaani vile vipunje vya risasi vidogo kama ulezi, kisha mdomo wake unakunjwa kwa mashine. Ganda moja hufanya kazi mara tano, mara sita, mpaka karatasi ichanike. Vizibo walikata kutoka kwenye kofia nzito za kizungu zilizochakaa. Huo ndio ulikuwa mchezo wa mabwana kwa bei ya watumishi. Bwana Pamba aliuzungusha mkono wa mashine kwa majuma mawili, akachoka. Siku moja akaja nayo kwa Théophile, akamwambia: "Weye sasa iko mwenzetu wa chama. Kazi hii ni ya mwenzetu."

Mwenzetu! Théophile alilirudia neno hilo mpaka uji wa asubuhi ukapoa. Wenzake wale walikuwa wakimpa ruhusa ya kupiga visahani kumi vya mwisho, wao wakiwa wamekwisha kukaa kivulini na chupa zao. Kwa heshima hiyo alijaza kartushi za wote watano.

Alijaza yeye? Kwa kinywa. Kwa mikono alijaza Léocadie. Théophile macho yake ya kusoma yalikuwa yameanza kuchoka kwa miaka ya kupiga taipu, na mizani ile ilitaka jicho. Léocadie alikuwa amefundishwa kudarizi na masista wa Kasongo, vidole vyake vilijua kuhesabu nyuzi. Kwa hiyo yeye ndiye aliyepima, aliyemimina, aliyekunja, na mume wake alikaa pembeni akisoma kwa sauti kitabu cha maelezo cha Kifaransa. "Taratibu, Mama Ernestine. Baruti haitaki haraka." Jumatatu ofisini alikubali sifa zote bila kuona haya. Léocadie naye alilipa kisasi chake kisimani. Alikuwa na ulimi. Aliwaonyesha wanawake wenzake jinsi mume wake anavyoshika bunduki, jinsi anavyofumba jicho lisilofaa, jinsi kisahani kinavyompita na kumsalimu. Wanawake walicheka mpaka wakaweka ndoo chini. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga ule uwanja hata siku moja. Aliona hakuna haja.

Mwezi wa kwanza wa mwaka, mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, kaka yake Marcellin alifika kwa miguu kutoka kijijini kwao Wamaza. Nguruwe wa porini walikuwa wameingia katika shamba la mama yao. Walikuwa wamekula upande mzima wa mto, na kila usiku walirudi. Shamba la jirani la pamba, ile ya kulimwa kwa lazima ya serikali, hawakuligusa hata jani, maana nguruwe si wajinga. Mama yao mjane alikuwa na mpunga huo tu hadi mwaka mwingine. Marcellin alikuwa na gobori lake la kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, lenye kibali, na baruti kidogo aliyouziwa kwa karatasi ya serikali. Risasi hakuwa nayo. Alikuwa akishindilia vipande vya chungu cha chuma, na nguruwe walikuwa wakiondoka navyo mgongoni kama mapambo.

Jioni ile Léocadie alimkabili mume wake.

"Baba Ernestine, twende Wamaza na bunduki yako. Siku mbili tu."

"Kibali kinasema uwanjani. Wakinikuta Wamaza, bunduki inaenda na kadi inaenda."

"Basi mupe Marcellin marisau kidogo. Atayayeyusha, atafanya risasi."

"Marisau ni ya chama."

"Ya chama! Mama yangu atalala na njaa, marisau iko inavunja sahani!"

Théophile alivua miwani. "Mutu akimupa mwengine risasi bila karatasi, ni gereza. Na ule aliyepokea, ni gereza na fimbo. Zile hukumu miye ndiye nazipiga kwa mashini, Mama Ernestine. Nazijua majina yao. Hapana."

Léocadie alimtazama akifuta miwani kwa kitambaa chake safi, akamdharau kwa moyo wake wote. Alidharau miwani, alidharau kitambaa, alidharau ile sauti ya ofisi aliyomletea mezani. Mwoga kama huyu, aliwaza, hata nguruwe wangemwonea aibu.

Jumamosi iliyofuata alijaza kartushi kama kawaida. Za wazungu alizijaza sawasawa, maana hakuwa na hamu ya kufungwa. Lakini Théophile alikuwa na mkanda wake wa ngozi wenye vitundu kumi, na kartushi za mkanda ule zilikuwa zake peke yake. Mume wake alipotoka kwenda kukata nywele, Léocadie alichukua kumi zile, akatia fataki, akatia baruti, akatia kizibo, kisha mahali pa marisau akajaza pumba za mpunga. Akakunja midomo vizuri kuliko siku zote. Marisau aliyafunga kwenye kona ya kitambaa, na Marcellin, aliyekuwa bado mgeni wao, akaondoka nayo siku hiyo hiyo. "Ni yale yaliyokuwa yanaanguka chini ya meza," alimwambia. "Nimeyafagia miezi." Marcellin akaamini, maana dada yake alikuwa mtu wa kutunza vitu.

Na kwa mumewe? Jumapili angepiga visahani vyake kumi wakati wazungu wanakunywa, angevikosa vyote kama, kwa hesabu ya Léocadie, alivyovikosa siku zote, na nani angejua tofauti? Mvua kubwa ilinyesha Jumapili ile, chama hakikukutana. Mkanda ukabaki ukutani na kumi zake. Katikati ya juma habari ikaja kutoka Wamaza: Marcellin ameyayeyusha yale marisau katika kopo la dagaa, amepata risasi kumi nene, na nguruwe wanne wamelala. Waliobaki wamehama ng'ambo ya mto. Léocadie aliimba siku nzima, na akasahau ya mkanda.

Jumapili iliyofuata wazungu wa Kasongo walikuja kushindana na wazungu wa Kabambare, watano kwa watano. Asubuhi, kabla chai haijapoa, gari la Bwana Pamba likasimama mlangoni.

"Théophile! Mugiriki anatetemeka na homa. Weye utapiga kwa Kabambare!"

Théophile aliinuka mezani. Kisha akavaa koti, akautwaa mkanda ukutani, akaufunga kiunoni.

"Mama Ernestine, njoo leo. Hujapata kuja. Njoo unione."

"Baba Ernestine, hizo… chukua zile za sanduku."

"Za sanduku ni za wazungu. Hizi ni zangu."

Nje honi ilipigwa. Léocadie alikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu, na maneno matatu yangetosha. Hakuyasema. Aliogopa, hiyo ni kweli. Lakini kweli nyingine ilikuwa chini yake, nayo ilikuwa chafu: alijiambia kwamba hata kwa marisau mume wake angekosa tu, na sehemu fulani ya moyo wake ilitaka kwenda kuona.

Posti nzima ilikuwa nyuma ya kamba. Wazungu wa Kasongo walikuwa na soksi ndefu na tumbo, mmoja alipiga akiwa ameketi kwa sababu ya mguu. Walipiga, wakavunja, wakalaumu jua, wakapiga tena. Watu wazima kumi kwa visahani mia! Léocadie alisimama katikati ya wanawake wa kisimani, na wote walikuwa wanangoja zamu ya mume wake kwa hamu. Zamu hiyo ilikuja ya mwisho. Kabambare walihitaji visahani saba kati ya kumi.

Théophile alisogea mstarini. Alisimama vizuri, Léocadie akashangaa: miguu imara, mabega yamelegea, hakuna jicho lililofumbwa vibaya. Akachomoa kartushi ya kwanza mkandani. Mkono wake ukakwama.

Aliipimapima kiganjani, mara moja, mara mbili. Kartushi ya marisau ni nzito, hata mtoto angeijua. Théophile aligeuza kichwa polepole, akatafuta kati ya wanawake mpaka akampata mke wake, akamtazama. Hakukuwa na hasira katika macho yale. Alimtazama kama karani anayesoma barua mpaka mstari wa chini kabla ya kupiga muhuri. Kisha akaitia kartushi ndani ya bunduki, akaifunga.

"Toa!"

Kisahani kikaruka. Bunduki ikalia. Kisahani kikapanda juu kwa raha zake, kikashuka, kikatua majanini kizima.

Watu wakacheka kidogo. Akatia ya pili. Kisahani kizima. Akatia ya tatu. Bwana Pamba aliinuka kitini, uso umeiva.

"Théophile, iko nini? Siku ya mwisho umevunja tisa! Tisa, Mungu wangu! Leta hizo kartushi nione."

Tisa. Léocadie alilisikia neno hilo kama mtu anayesikia jina lake likitajwa na mgeni.

"Kartushi iko muzuri, Bwana," Théophile alisema. "Macho yangu ndiyo imekufa leo."

"Basi chukua zangu!"

"Hapana, Bwana. Mutu anapiga na zake."

Hapo ndipo Léocadie alipoelewa. Kama Bwana Pamba angegusa ule mkanda angeujua wepesi wake. Wangefungua ganda moja, wangekuta pumba. Wangeuliza marisau ya chama yamekwenda wapi. Na kule Wamaza kulikuwa na nguruwe wanne, na gobori, na kopo la dagaa lenye masalia ya risasi, na habari za kijijini hazikai kijijini. Marcellin angelazwa kifudifudi mbele ya gereza. Kwa hiyo karani yule hakuwa akipiga visahani tena. Alikuwa akiteketeza ushahidi, moja moja, mbele ya macho ya serikali, na asingeweza kuacha mpaka zote kumi ziishe.

Ya nne. Ya tano. Vicheko vilikua. Ya sita, na mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Ya saba, na hesabu ya ushindi ikawa imekufa, lakini Théophile akaita tena "Toa!" kwa sauti ile ile iliyonyooka. Mwanamke mmoja alimpiga Léocadie kwa kiwiko, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mama Ernestine, ulisema! Ona kinavyomupita! Kinamusalimia!" Wote wakamgeukia, wakimngojea acheke nao, maana ni yeye aliyewafundisha. Léocadie aliendelea kuhesabu kartushi zilizobaki mkandani.

Ya kumi ilipokwisha, visahani kumi vya Régina vilikuwa vimelala majanini, vizima kama vilivyotoka kwake. Administrata aliongea kwa Kiswahili, kwa sauti, ili kila mmoja apate fungu lake: "Mimi nilisema zamani. Mweusi unaweza kumupa bunduki. Macho ya muzungu hapana." Wageni wa Kasongo, waliovunja visahani kwa kubahatisha na mmoja wao akiwa kitini, walikubaliana naye kabisa.

"Ndiyo, Bwana," Théophile alisema. Akainama, akaokota maganda yake kumi yote, akayatia mfukoni yakiwa bado moto.

Walirudi kwa miguu. Walipofika mahali pasipo na mtu, aliuliza bila kumtazama:

"Ulitia nini?"

"Pumba."

"Nguruwe ngapi?"

"Ine."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ukakataa."

"Kweli," alisema. "Na ningekataa tena."

"Baba Ernestine, kwa nini hukuniambia unajua kupiga?"

"Ningekwambia saa gani? Kila nikianza, uko unacheka."

Jumatatu askari alikuja kuchukua bunduki na kibali kwa amri ya administrata. Ijumaa kikapu cha maganda matupu kilikuja kama kawaida, na barua fupi ya Bwana Pamba iliyosema kwamba kujaza bado anafaa. Wenzetu! Léocadie alitaka kukitupa kikapu pamoja na kimashini chao mtoni. Théophile alisema hapana, akavaa miwani, akafungua kitabu. Mtaani watoto walikuwa wamekwisha kumpa jina: Sahani-Nzima. Lilimfuata sokoni, likamfuata kanisani. Wanawake wa kisimani walilitumia bila kuficha mbele ya Léocadie, na yeye aliteka maji yake kimya akijidharau kuliko alivyopata kumdharau mtu yeyote, maana hakuwa na kweli hata moja ambayo angeweza kuisema bila kumfunga kaka yake.

Mpunga ulipovunwa, Marcellin alikuja na gunia begani, zawadi ya mama. Léocadie aliupika mchele ule mpya, harufu ikajaa nyumba. Marcellin alikula kwa furaha ya mtu aliyeshinda vita, akasimulia nguruwe wake mmoja mmoja, kisha akamgeukia mume wa dada yake, kwa ule utani ambao shemeji ana haki nao.

"Shemeji, nimesikia mpaka Wamaza! Sahani kumi, kumi zote! Miye na gobori ya babu, risasi kumi, nguruwe ine. Weye na bunduki ya Ulaya umeshindwa na chungu cha Mama Régina! Siku ingine ita miye nikusaidie."

Alicheka mpaka akakohoa. Léocadie alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Uso ulimwaka, na maneno yote yalikuwa tayari kwenye ulimi. Théophile alimwona. Alimtikisia kichwa, kidogo tu, akacheka pamoja na Marcellin, akasogeza sahani yake mbele aongezewe mchele.